Feza ya shimo na ukuta wa nyumba: mbele ya kuita fundi hapa Mboko

Mchimbaji akitoka Misisi ao Lubichako na feza mfukoni, sisi wote tunajua inakwenda wapi kwanza: deni la duka, masomo ya watoto, pengine na bia. Ile inayobaki, kama bibi yake eko imara, inaingia kwenye nyumba. Na ni haki. Wengi wetu hatuko kwenye CNSS. Siku magoti yatakapokataa kushuka shimoni, hakuna ofisi itakayotuita kupokea kitu. Nyumba ya tofali za kuchoma, yenye manjanja juu, njo pension ya mchimbaji. Akifia chini ya udongo, njo kitu pekee mjane anaweza kuonyesha watoto na kusema: baba yenu aliacha hiki.

Ni sababu hiyo sisi wa sendika, tuliozoea kusema juu ya mizani ya wanunuzi na juu ya mashimo yasiyo na boazeri, leo tunasema juu ya matofali. Kesi zinazoletwa mbele yetu siku hizi si za shimo peke yake. Mama mmoja anakuja kusema fundi alikula avansi kisha akavuka ziwa. Mwingine ukuta wake umepasuka toka dirisha mpaka chini, na mwaka haujaisha. Mwingine chumba kinanuka unyevu, krepisaje inaanguka kama magamba ya samaki. Kila mara tunauliza: mliandikiana? Na kila mara jibu ni lile lile: hapana, tulikuwa tunajuana.

Kinachotushangaza ni hiki. Mchimbaji yule yule ambaye hawezi kuuza hata punje ya dhahabu kama mizani haikuwekwa mbele ya macho yake, anatuma kwa simu feza ya miezi 6, kwa fundi ambaye hajaona kazi yake, kununua matofali ambayo hakuna mtu aliyeyahesabu.

Maji yalifika wapi?

Mboko iko kandokando ya ziwa, na ziwa Tanganyika halina adabu ya kubaki mahali pamoja. Maji yake yanatoka kwa mlango mmoja tu, mto Lukuga kule Kalemie. Mvua ikizidi miaka miwili mitatu, yanapanda. Yalipanda nyuma ya mvua kubwa za 1961 na 1962, mpaka 1964 yakafika mahali ambapo vijana wa leo hawawezi kuamini. Yakapanda tena miaka hii, na mwaka 2024 watu wa Uvira na Kalemie walikuwa wanatosha vitanda vyao ndani ya maji. Na mito nayo haiko mbali: Aprili 2020, Mulongwe kule Uvira ulibomoa nyumba kwa maelfu ndani ya muda mfupi.

Kwa hiyo mbele ya kununua parcelle, usimwulize anayeiuza. Tafuta mzee aliyekuwa kijana wakati wa Mulele, maana ule ndio mwaka wenyewe wa 1964, umwulize: wakati ule maji yalisimama wapi? Kisha uliza majirani maji ya 2024 yalisimama wapi. Kama parcelle iko chini ya mistari hiyo miwili, hakuna fundi, hata awe wa Ulaya, atakayekuokoa. Kuna watu wanaonunua huko kwa sababu ni bei ya chini na samaki iko karibu. Tunawaelewa. Lakini pale weka nyumba ya miti na udongo, ile unayoweza kuacha bila kulia. Tofali za kuchoma peleka juu ya barabara.

Jiwe, tofali, mchanga

Fondasyo ni mahali ambapo watu wanaibiwa bila kujua, maana ikishafunikwa hakuna anayeiona tena. Fundi anapaswa kuchimba mpaka apate udongo mgumu, hata kama ni kazi. Mchimbaji wa shimo hana haja ya kufundishwa jambo hili: unajua mwenyewe tofauti ya udongo unaosimama na udongo unaomwagika. Upana wa fondasyo uwe karibu mara mbili ya upana wa ukuta. Mawe ya kuvunja, yenye kona na uso mkavu, ni bora kuliko yale ya mviringo yaliyolainishwa na ziwa, kwani simenti haishiki vizuri jiwe laini. Kila jiwe lilale kwa tumbo lake pana, na nafasi kati ya mawe zijazwe na vipande vya mawe na simenti, si na udongo wa kusukumia kwa mguu.

Fondasyo ipande juu ya ardhi karibu santimetre 50. Hapo juu, mbele ya tofali la kwanza, weka kitu cha kuzuia maji kupanda: tabaka la simenti nzito, karai 1 ya simenti kwa karai 3 za mchanga, ao shitingi ngumu ya plastiki, ile watu waliotoka kambini wanaijua vizuri. Bila kizuizi hicho, ukuta unakunywa maji toka chini kama utambi wa taa unavyokunywa petroli. Ni kazi ya asubuhi moja. Kuisahau ni ugonjwa wa miaka yote.

Kuhusu tofali, ndugu zetu wengi waliokaa Nyarugusu, ile kambi ya Kasulu iliyofunguliwa mwaka 1996, walirudi na mkono mzuri wa kufyatua. Shida iko kwenye kuchoma. Ndani ya tanuru moja kuko tofali za katikati zilizoiva, na zile za pembeni ambazo moto ulizigusa tu. Muuzaji anachanganya. Wewe chagua. Gonga mbili moja kwa nyingine: iliyoiva inalia kama chuma, mbichi inalia kama ubao uliolowa. Kwaruza na msumari. Vunja moja utazame moyo wake kama rangi ni moja. Nyingine acha ndani ya maji usiku mzima. Asubuhi ikiwa inamomonyoka kwa vidole, rudisha mzigo wote.

Na hesabu uifanye mwenyewe mbele ya fundi kukuambia. Chumba cha metre 4 kwa 3 kiko na mzunguko wa metre 14. Ukuta ukipanda metre 2,70, ni karibu metre za mraba 38, bila kutosha mlango na dirisha. Sasa panga tofali zako chini, kwa ubavu, kama zitakavyokaa ukutani, na nafasi ya kidole kati yao, metre 1 kwa metre 1, uhesabu. Tuseme zimekuja 50. Mara 38 ni 1 900. Ongeza 150 za kuvunjika. Fundi akikuletea devi ya 3 000 kwa chumba hicho, muombe akuonyeshe hizo zingine zinakwenda wapi. Pengine eko na sababu, kwa mfano ukuta wa upana wa tofali zima. Pengine nyumba ya pili inajengwa mahali fulani.

Mchanga wa mto ni bora kuliko ule wa pwani, ambao ni mwembamba na umejaa makombe. Jaza chupa nusu ya mchanga, ongeza maji, tikisa, acha mpaka kesho. Matope yatakaa juu. Yakipita nusu ya kidole, mchanga huo uoshwe ao uachwe.

Simenti inafika kwetu toka Kabimba, toka Tanzania, toka Burundi, mara nyingi kwa mtumbwi, na mtumbwi unaingiza maji. Bonyeza mfuko: kama ndani kuko mawe, usichukue. Nyumbani ulale juu ya mbao, mbali na ukuta, na usikae zaidi ya miezi 3. Kwa kujenga ukuta, karai 1 kwa 5 za mchanga inatosha. Fundi anayeiba haibi mbele ya macho: anatia 1 kwa 9, na mfuko unaobaki unatoka usiku. Dawa yake ni ndogo sana. Mifuko mitupu ibaki kwa mama wa nyumba, ihesabiwe kila jioni, na mama aone karai zikipimwa. Mchanganyiko uliolala toka asubuhi mpaka nyuma ya chakula cha mchana usirudishiwe maji, umekufa. Tofali zilowe mbele ya kujengwa, sababu tofali kavu linanyang'anya simenti maji yake. Na ukuta mpya unyweshwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Hapa watu wanacheka: ziwa liko pale, metre 200, na ukuta unakufa kiu.

Neno moja juu ya chenaje, yaani ule mkanda wa betoni na chuma unaozunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha. Mafundi wengi wanaiondoa kwenye devi ili bei ipendeze. Wasikilize wale wa Kalemie: tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la 6,8 lilitoka chini ya ziwa hili hili, nyumba zikaanguka. Tarehe 3 Februari 2008 ikawa zamu ya Bukavu. Chenaje njo boazeri ya nyumba. Kama feza haitoshi, punguza chumba kimoja, usipunguze chenaje. Na madirisha yasikaribie kona. Acha angalau santimetre 60.

Fundi na kaye

Sasa fundi mwenyewe. Usimuombe akuonyeshe nyumba aliyoimaliza mwezi uliopita, ile inapendeza siku zote. Muombe nyumba aliyoijenga miaka 3 iliyopita, uende bila yeye, uongee na mama wa pale. Tazama kona. Tazama chini ya madirisha. Uliza kama alimaliza kwa siku alizosema, na kama aliongeza bei njiani.

Kisha andika. Si lazima notaire. Karatasi mbili, moja kwa kila upande, majina, saini ao kidole, na mashahidi wawili, mmoja awe chef wa kijiji ao mtu wa kanisa ao wa msikiti. Ndani yake: nyumba ya vipimo gani, nani ananunua vifaa, kazi ni ya forfe ao ya siku, bei ya kila hatua, itaanza lini, na mtu akianguka toka juu nani analipa dispensaire. Sheria ya makubaliano katika nchi yetu ni ya zamani sana, dekrete ya tarehe 30 Julai 1888, na bado inatumika. Kifungu chake cha 33 kinasema kwamba makubaliano yaliyofanywa sawasawa yanakuwa sheria kwa wale walioyafanya. Maana yake ile karatasi yenu ya kaye, iliyoandikwa kwa bic chini ya mwembe, iko na nguvu. Lakini iwepo.

Malipo yafuate ukuta, yasiutangulie. Sisi tunashauri hivi: avansi ndogo ya kuanzia, sehemu ya pili fondasyo ikiisha na ikipimwa mbele ya kufunikwa, ya tatu kuta zikifika juu ya milango, ya nne chenaje na manjanja, na sehemu ya kumi ya bei yote ibaki mikononi mwa mwenye nyumba mpaka mvua ya kwanza kubwa.

Feza itumwe kwa bibi, si kwa fundi. Tunajua kuko wababa wasiopenda kusikia hili. Lakini bwana eko Misisi, na kule hawezi kuona kama mfuko ni mzima ao nusu. Bibi anaona. Awe na kaye yake: tarehe, kitu kilichoingia, kitu kilichotoka, feza iliyolipwa, saini ya fundi. Message za M-Pesa ao Airtel Money asizifute. Na bwana akiwa kwenye simu na fundi, asibadilishe peke yake mambo ambayo bibi amepanga naye shantye. Tumeona nyumba yenye mlango uliohamishwa mara mbili kwa sababu ya simu za usiku. Bibi ajifunze pia timazi, ile wengine wanaita filaplo. Kamba na uzito, si elimu ya Kinshasa. Kamba ikiachana na ukuta chini na juu kwa nafasi isiyo sawa, kazi isimame.

Fundi naye ni mfanyakazi

Hapa tutasema kitu ambacho wenzetu hawatakipenda. Mafundi wanaokimbia na avansi wako. Lakini wachimbaji wasiolipa mafundi wako pia, na si kidogo. Tunalalamika kila siku juu ya PDG wa shimo anayesema "ngojeni tupate mshipa", halafu tukifika nyumbani tunamwambia fundi maneno yale yale: ngoja nipande, nikirudi nitakulipa. Fundi aliyefanyiwa hivyo mara mbili, kwa mteja wa tatu anachukua avansi kubwa ili ajilinde, na anaanza shantye tatu pamoja ili asilale njaa. Ukuta wako unasimama miezi bila paa kwa sababu ya deni la jirani yako. Kwa hiyo hatua ikiisha, lipa siku ile ile. Kama feza haijafika, simamisha kazi kwa maneno ya wazi, mwambie tarehe, umwache atafute kazi nyingine bila chuki.

Na wale wanaobeba maji na mchanga, mara nyingi wamama na vijana, waandikwe kwenye kaye na bei yao. Tumeona fundi akipokea yote na kuwapa wao unga. Watoto wa umri wa shule wasibebe tofali. Sendika haiwezi kuwatosha mashimoni kisha ikawaona kwenye shantye ikanyamaza.

Nyuma ya kuingia

Nyumba ikiisha, watu wanafikiri kazi imeisha. Ukuta unahitaji macho kila mwaka, mbele na nyuma ya mvua.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini fundi wa haraka anatumia methali hiyo kukuuzia simenti. Mbele ya kuziba, ujue ufa unatoka wapi. Nyufa ndogo kama utando wa buibui ni krepisaje iliyokauka haraka, haina hatari. Ufa unaoshuka kama ngazi, tofali kwa tofali, toka kona ya dirisha, ni fondasyo inayozama. Chora mstari wa penseli mahali ufa unapoishia, andika tarehe kando yake. Mwezi ukipita ufa ukiwa umevuka mstari, hakuna simenti itakayousaidia. Tafuta maji yanaingia wapi chini ya nyumba. Ufa ukibaki pale pale, safisha, lowesha, ziba.

Unyevu na ile chumvi nyeupe inayotoka chini ya ukuta ni maji yanayopanda. Watu wanapiga simenti ngumu juu yake. Maji yanafungiwa ndani, yanapanda juu zaidi, na mwaka ujao ugonjwa uko kwenye kitanda. Dawa ni chini: ondoa udongo uliorundikana kwenye ukuta mpaka fondasyo ionekane, chimba mfereji wa kupeleka maji mbali, hamisha bafu kama limeegemea nyumba, panua paa lipite ukuta santimetre 60. Acha ukuta ukauke wakati wa kiangazi, kisha paka chokaa, ambayo inaacha ukuta upumue. (Mbuzi wakianza kulamba ukuta wako, wamekuambia kitu bure: chumvi imetoka.)

Kwa nyumba ya tofali mbichi, usipige krepisaje ya simenti moja kwa moja juu ya udongo. Udongo unavimba na kusinyaa, simenti haifuati. Siku moja inajitenga na kuanguka yote pamoja, na mchwa walikuwa wameishajenga nyuma yake. Krepi ya udongo wenyewe na majani yaliyokatwa, inayorudiwa kila kiangazi, ni ya bei ndogo na inadumu. Njia za mchwa kwenye fondasyo zivunjwe kila wiki. Ni kazi ya mtoto mwenye kijiti.

Kama feza inakuja kidogo kidogo, kama inavyokuja kwa mchimbaji, nunua kwa mpango huu: mawe kwanza, maana jiwe halina mwisho wa matumizi, kisha tofali, zifunikwe juu, kisha ferabetoni na manjanja, simenti ya mwisho kabisa, wiki ile ya kuanza. Tofali zifyatuliwe mwezi wa 6, zichomwe mwezi wa 7, kuta zipande mwezi wa 8, paa likae mbele ya mwezi wa 9 kwisha. Mwezi wa 10, mvua kubwa ikipiga usiku kucha, asubuhi yake fundi aitwe. Yeye, mama wa nyumba na kaye wanazunguka nje na ndani, wanagusa kila kona kwa mkono. Palipovuja panatengenezwa kwa jasho la fundi. Pasipovuja, sehemu ya kumi iliyobaki inalipwa pale pale, na fundi anatia saini.